Kufuli Tatu za Sanduku la Betri

Fundi hakuwa akimsalimia mtu kwa kiganja. Ukimpa mkono, kwanza alikugusa kwa mgongo wa vidole, haraka, kama anayejaribu kama pasi imeshika moto, kisha mkono wake ukarudi mfukoni. Watu wengi katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga, Kangemi, walidhani ni dharau. Lendiledi, mama mwenye nyumba, alidhani ni mambo ya dini. Mimi nilidhani kuna kitu anaficha, lakini hivyo ndivyo nilivyomdhania kila mtu.

Mama yangu ndiye aliyemwuliza waziwazi, maana mama haogopi jibu. Fundi akamweleza kwamba mtu aliyefanya kazi miaka mingi juu ya nguzo hujifunza kugusa kila kitu kwa upande huo. Waya wenye stima ukiugusa kwa kiganja, vidole hujikunja na kuung'ang'ania. Ukiugusa kwa mgongo wa vidole, mkono hujitupa nyuma wenyewe.

"Sasa mikono imezoea," alisema. "Haijui huyu ni waya ama ni mtu."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilijiuliza mtu anayegusa wenzake kana kwamba wana stima amefanyiwa nini, au yeye amewafanyia nini wengine.

Tulimwita Fundi, na hapa nitamwita hivyo tu. Alikaa chumba cha saba, sisi tulikaa cha pili, na kati yetu palikuwa na bomba la maji na kamba za nguo. Alikotoka hasa sikujua. Kiswahili chake kilikuwa na mzigo wa magharibi kama chetu, akapenda mboga ya mrenda kama sisi, na mama akaona hiyo inatosha kuwa undugu. Kwangu haikutosha. Nimeibiwa na watu wa kwetu mara nyingi kuliko na wageni.

Afadhali niseme kazi yangu mapema, isije ikaonekana nilizaliwa na roho mbaya. Mimi ni mtu wa mashine ya kuchapisha, River Road, ghorofa ya pili juu ya duka la mabomba. Tunachapisha vitabu vya risiti, kadi za harusi, programu za mazishi, na stika. Nimeona stika yenye neno "halisi" ikitoka kwenye mashine yangu ikiwa bado na joto. Mteja huja, hufunga bunda lake kwa gazeti, huenda. Sisi hatuulizi inaenda kubandikwa wapi. Ukifanya kazi hiyo miaka kumi na nne, huwezi tena kuamini kitu kwa sababu kimeandikwa. Kushuku kwangu ni ugonjwa wa kazini, kama mgongo wa mbeba mizigo.

Fundi naye alikuwa mtu wa kushuku, na hapo ndipo tulipogongana. Alikuwa na testa, ile bisibisi ndogo ya kupimia stima, katika mfuko wa shati mchana kutwa, hata Jumapili akienda kanisani, na nimemwona akiitoa kwenye mazishi kupima soketi ya spika kabla ya mchungaji kushika maikrofoni. Akiingia nyumba ya mtu alikuja na kikombe chake cha bati. Chai alipokea, kikombe chako hakupokea. Alikuwa na msemo aliourudia kila mtu alipomwomba amvutie stima kisirisiri kutoka waya wa jirani, jambo ambalo mafundi wengine wa mtaa walilifanya kabla ya kumaliza chai.

"Stima haina jamaa," alisema, akaenda zake.

Lakini mlango wake hakuufunga. Mtu huyo huyo aliyeogopa kikombe cha jirani aliacha chumba wazi akaenda sokoni kutwa nzima, na ufunguo ukabaki umening'inia msumarini nje, kila mtu akiuona. Nilimwambia siku moja ataibiwa. Akanijibu kwamba mwizi hupenda mlango uliofungwa, kwa sababu uliofungwa unamwambia kuna kitu. Sikujua kama huo ni werevu au ni mtego, nikakaa mbali na mlango wake.

Alikataa pia stima ya lendiledi. Hakutaka, alisema, kubishana na watu tisa kuhusu tokeni ya stima imemalizwa na nani. Juu ya bati la chumba chake aliweka kipande kidogo cha sola, na chini ya kitanda betri moja kubwa aliyoipangusa kwa kitambaa kama mtu anavyopangusa picha ya harusi. Stima ilipopotea Kangemi, na hupotea, ploti nzima ilinyamaza isipokuwa redio yake. Akina mama walipanga simu zao mlangoni pake zichajiwe, mstari mrefu, kila simu na kikaratasi cha jina.

Mradi wetu ulianzia mlangoni hapo, na ulianza kwa sababu ya mama yangu.

Mapafu ya mama yaliharibika kwa miaka mingi ya moshi wa kuni na makaa. Hospitali ilimrudisha nyumbani na agizo la mashine ya oksijeni, tukaipata iliyotumika, mimi na dada zangu, na tangu hapo amekuwa akiishi na mpira puani saa nyingi za siku. Mashine hiyo haina betri yake. Stima ikienda, nayo inanyamaza, na mama anaanza kuhesabu pumzi kama mtu anayehesabu ngazi. Siku moja stima ilipotea asubuhi nikiwa kazini. Fundi hakungoja kuitwa. Aliibeba mashine mpaka chumbani kwake, akamketisha mama kitandani, akaichomeka kwenye betri yake. Ilivumilia saa moja na kitu, na bahati nzuri stima ikarudi kabla haijaisha nguvu.

Niliporudi alikuwa amesimama karibu na bomba akiningoja.

"Betri moja haiwezi Mama," aliniambia. "Tukitaka apumue, lazima ploti yote ipumue. Tuweke sola ya kila mtu, juu ya bati yote."

Nilimshukuru, na usiku ule nikawaza: mtu huyu anataka nini na mama yangu, na anataka nini na bati la lendiledi?

Sikuwa peke yangu. Mkutano wa kwanza ulifanyika Jumapili baada ya kanisa, viti vya kuazima vikiwa vimezunguka bomba, na sijawahi kuona watu kumi na wanane wakishuku kwa namna kumi na nane tofauti. Lendiledi, ambaye familia yake ilikuwa na shamba hapa kabla Kangemi haijawa Kangemi, alisema kwanza.

"Wee Fundi, ukishapanda juu ya bati yangu na vyuma zako, kesho si utasema hiyo bati ni yako?"

Mama wa chumba cha tano akasema kila mradi unaoingia mtaani huja na fomu, watu wanajaza, wanapigwa picha, halafu fomu zikiisha na mradi umeisha. Mwingine akauliza kama kodi itapanda. Fundi aliwasikiliza wote, kikombe chake mkononi, akaonekana kufurahi kabisa.

"Msiniamini," alisema. "Mimi sitaki mniamini. Nataka mpime. Nikisema iko hivi, mje muangalie kama iko hivyo. Mtu akiwaambia mumuamini, huyo ndiye mfukuze."

Lendiledi alitazama bati lake, akatazama mama yangu, akasema basi tujaribu. Nadhani maneno ya Fundi yalimshinda kwa kuwa hakuwa ameyasikia kwa mtu yeyote aliyekuja kuomba kitu. Mimi yalinitia wasiwasi zaidi. Mjanja mkubwa, nilijiambia, ndiye anayekuambia usimwamini.

Hakuishia kwenye sola. Aliwaambia akina mama kwamba moshi ulioharibu kifua cha mama yangu bado wanaupika kila siku, na kwamba vumbi la makaa linalomwagwa sokoni linaweza kuchanganywa na udongo na karatasi iliyolowekwa, likafinyangwa, likakaushwa, likawaka polepole bila kutoa moshi mwingi. Karatasi ndiyo ilikosekana. Basi nikawa naleta gunia la mabaki kutoka River Road kila Jumamosi: kingo zilizokatwa, kurasa zilizoharibika, rangi zilizopotea njia. Fundi alilimwaga gunia uwanjani na kuchambua kipande kwa kipande. Karatasi ya kawaida aliitupa kwenye beseni. Yenye gundi aliiweka kando, kwa sababu haiozi na ikichomwa inanuka. Nilimwona mara nyingi akiinua kipande juani na kukisoma, nikamwonea huruma kidogo. Nilidhani ni mzee asiye na gazeti.

Ploti ilichanga pesa, sola zikapanda juu ya bati, na kuhusu ununuzi wa betri nitasema kwa ufupi. Tulienda watatu, Fundi, lendiledi na mimi, kwenye duka moja la vifaa pale River Road ambalo silitaji. Tulihitaji nne. Fundi hakutazama maandishi hata moja. Aliinua kila betri kwa mikono miwili, akaitua, akaenda nyingine. Ya nne aliinua, akaitua, akaiinua tena.

"Hii ni nyepesi," alisema.

"Mzee, hiyo ni ya kisasa," mwenye duka akamjibu. "Za siku hizi zote ni nyepesi."

Fundi akanigeukia. "Wewe ni mtu wa karatasi. Hebu soma hiyo stika uniambie."

Niliinama. Niliitazama stika muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikasema, "Iko sawa. Hii ni orijino."

Akanitazama, kisha akaichukua, na sisi wote tukarudi Kangemi.

Sasa sanduku. Alilitengeneza mwenyewe kwa mbao nzito na chuma, likakaa ukutani kando ya chumba cha lendiledi, betri chini, inveta ya kugeuza nguvu ya betri iwe stima ya nyumba juu, na swichi ndani. Stima ikipotea, mtu alifungua sanduku, akageuza swichi, na vyumba vyote vikapata taa, simu, na soketi moja ya mama yangu. Hakutaka iwe ya kujiwasha, kwa sababu alijua stima ingepotea mtu akiwa amechomeka pasi, na pasi ingemaliza betri. Sanduku likawa na kufuli mbili, ya lendiledi na ya Fundi.

Hakuna aliyeshangaa. Kikundi chochote cha akina mama Kangemi kina sanduku la aina hiyo: pesa za chama ndani, kufuli mbili au tatu nje, na kila ufunguo kwa mtu wake, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Tumekua tukiliona. Tulipotakiwa kulinda kitu cha wote, mikono yetu ilikwenda kwenye desturi hiyo bila kuulizana. Tulisahau jambo moja tu. Pesa zinaweza kungoja mpaka mwenye ufunguo arudi.

Kufuli ya tatu ilikuwa yangu, na niliidai mimi.

Ilikuwa miezi miwili baadaye. Nilikuwa dirishani kazini, nikipumzisha macho, nikaona mkokoteni ukishuka River Road na Fundi akitembea kando yake, mkono wake ukiwa juu ya kitu kilichofunikwa gunia. Upepo, au shimo la barabara, uliliteremsha gunia kidogo. Betri. Nilihisi joto likinipanda shingoni, na niseme kweli, lilikuwa joto la furaha. Hatimaye nilikuwa nimempata.

Sikumkimbilia. Nilingoja Jumapili, kila mtu akiwa uwanjani, mama akiwa kwenye kiti chake na mpira puani, nikataka sanduku lifunguliwe. Likafunguliwa. Betri zilikuwa nne. Lakini ya nne haikuwa ile tuliyonunua. Haikuwa na stika yoyote, ubavu wake ulikuwa umekwanguliwa.

"Umebadilisha," nilisema.

"Nimebadilisha," akajibu. "Ile ingine haikuwa mzuri."

"Uliipeleka wapi?"

"Kwenye ilitoka. Walikataa kurudisha pesa."

"Na hii umetoa wapi?"

Alimtazama mama yangu, akanitazama mimi, akatoa testa na kimita chake cha kupimia betri, akaviweka juu ya sanduku.

"Pimeni," alisema.

Kijana wa chumba cha kumi anayejua mambo hayo akapima. Betri ya nne ilikuwa nzima, pengine kuliko zile tatu. Haikunisaidia. Kwangu mimi betri isiyo na stika ilikuwa kama mtu asiye na kitambulisho. Nilimwambia mbele ya wote kwamba mtu mwaminifu habadilishi kitu cha watu bila kusema, na kwamba alikotoa hii ndiko alikoficha yetu. Neno "mwizi" nililisema. Lendiledi akakiri kwamba alimwachia ufunguo wake bila kuuliza, "kwani ni nini, si ni Fundi?" Nikasema basi funguo mbili hazitoshi. Kufuli yangu niliinunua Jumatatu, nzito, ya Kijerumani kama ilivyoandikwa, nami najua maandishi.

Jioni ile mama aliniambia, "Huyo si mwizi. Mimi nimekaa kitandani mwake. Mwizi hakupangusii kiti."

"Mama, wewe unaamini kila mtu."

"Na wewe huamini hata mimi," akasema, akageukia ukuta.

Wiki ile redio ya chumba cha saba ilinyamaza. Dirisha lake likaanza kuwa na masizi ya koroboi. Mtu wa stima anasoma Biblia kwa mafuta ya taa! Nilimwonyesha lendiledi masizi hayo kama ushahidi. Nilisema ameuza hata betri yake, sasa ataona.

"Ama ana shida," lendiledi alisema polepole. Nilimwona ni mwepesi wa moyo.

Siku niliyotakiwa kuwapo, sikuwapo. Ilikuwa Alhamisi, tulikuwa na kazi ya haraka ya mazishi ya mtu mkubwa, na kwetu kazini simu huwekwa kwenye rafu mlangoni, kwa sababu bosi anaogopa tutapiga picha miundo ya wateja. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Stima ilikatika Kangemi saa tano na nusu mchana.

Yaliyotokea nimeyasikia kwa watu wanne na wote walisema sawa. Mashine ya mama ilinyamaza. Lendiledi alikuja mbio na ufunguo wake, Fundi na wake, wakafungua zao mbili, na yangu ikabaki inaning'inia. Fundi akanipigia. Akapiga tena. Chumba chake hakikuwa na kitu cha kumchomekea. Lendiledi akatuma watu kutafuta gari, lakini barabara ya Waiyaki Way ilikuwa imefungana kwa magari. Fundi aliendelea kupiga, amepiga magoti kando ya kiti cha mama, akimwambia ahesabu, moja, mbili, na mama akihesabu bila sauti. Alinipigia mara kumi na moja. Nilizihesabu baadaye kwenye simu.

Mama wa chumba cha tano alimwambia, "Fundi, vunja."

"Si yangu," alisema. "Mwenyewe alisema nisiguse bila yeye."

Dakika ishirini. Midomo ya mama ilipobadilika rangi, alisimama. Aliwaita wote waliokuwepo wasogee karibu, waangalie, wahesabu betri kwa sauti kupitia uwazi wa hewa wa ubavuni. Nne. Kisha akatoa bisibisi, akaenda upande wa pili wa sanduku, upande wa bawaba ambao hakuna aliyewahi kuutazama, akafungua skrubu sita. Mlango ukafunguka kinyume, kufuli yangu ikiwa bado imefungwa. Akageuza swichi. Akawaambia wahesabu tena. Nne.

Nilipochukua simu kwenye rafu na kuona alivyopiga, nilikimbia; nilifika nikihema, nikakuta mama amelala kwa ubavu, mpira puani, macho wazi, hawezi kusema. Nikamwona Fundi amekaa chini, mgongo ukutani, mikono magotini. Nikaliona sanduku na skrubu zimepangwa juu ya kitambaa, sita, safi. Na hiki ndicho kitu ambacho nimekirudia kichwani mara nyingi kuliko maombi yoyote. Sikumshukuru.

Nilisema, "Kumbe ungeweza kufungua siku zote?"

Lendiledi aliweka mkono mdomoni.

"Siku zote," Fundi akajibu. "Kufuli ni zenu, za kuwatuliza. Mimi ndiye nililitengeneza."

Tulimpeleka mama hospitali, akalala siku tatu, akarudi, lakini hakurudi kamili. Mpaka leo hawezi kutembea kutoka mlangoni hadi bombani. Fundi alihama mwisho wa mwezi huo. Aliaga kila chumba kwa mgongo wa vidole, isipokuwa chetu. Mama alikuwa amelala na mimi nilikuwa kazini. Alienda kwa binti yake, mtaa wa Jamhuri.

Lendiledi aliniomba nimsaidie kufagia chumba cha saba kabla mpangaji mpya hajaingia. Tuliposogeza kitanda, sakafu ya chini ilikuwa nyeusi kwa miaka ya vumbi, isipokuwa mstatili mmoja wa saruji safi, mahali ambapo kitu kizito kilikaa muda mrefu bila kuhamishwa. Nilisimama na ufagio. Kisha nilifanya kile alichotuomba tufanye siku zote. Nilichukua rula yangu ya kazini, nikapima ule mstatili, nikaenda kwenye sanduku, nikapima betri ya nne. Upana, urefu, sawasawa. Ilikuwa ni betri ile ile iliyompa mama pumzi kutoka chini ya kitanda cha Fundi, na mimi nilikuwa nimeiwekea kufuli.

"Ulikuwa unajua?" nilimwuliza lendiledi.

"Aliniambia baadaye, akanikataza kusema," akajibu. "Alisema wewe ndiye ungeumia."

Sikuelewa ni kwa nini ningeumia. Hapana, huo ni uongo, na nimeahidi moyoni kutosema uongo katika habari hizi. Nilielewa vizuri sana. Ndiyo maana ilinichukua karibu mwaka kwenda Jamhuri.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya binti yake, kwenye ngazi, ana pasi ya mtu imefunguliwa tumbo. Alikuwa amekonda. Kikombe cha bati kilikuwa kando yake. Nilinyoosha mkono, akanigusa kwa mgongo wa vidole, akanionyesha mahali pa kukaa.

"Mama anapumua aje?"

"Anapumua. Amekutumia hii." Nilimpa mrenda uliofungwa kwenye jani la mgomba, kama alivyoupenda. Aliufungua, akaunusa, akaufunga tena kwa uangalifu.

Akaniambia ameanza kuwazungumzia majirani juu ya sola ya pamoja, korti nzima ya nyumba zao. "Wananishuku sana hawa watu wa Jamhuri," alisema. "Ni vizuri. Mtu akishuku, siku moja atapima."

Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi. Nikasema, "Fundi, ile stika ya ile betri ilitoka kwangu."

Basi nimesema. Siku ile dukani, nilipoinama, niliona rangi ya kijani imetoka nje ya mstari wake upande wa kushoto, unene wa uzi. Rola ya mashine yangu imelika upande huo. Ile stika niliichapisha mimi, kwa mkono huu, bunda zima. Nilijiambia kwamba hata kampuni za kweli lazima zichapishe stika zao mahali fulani. Niliogopa bosi, niliogopa aibu mbele ya lendiledi, nikasema orijino. Halafu nikatumia miezi kumtafuta mwizi.

"Najua," Fundi alisema. Aliendelea kukaza skrubu ya pasi.

"Tangu lini?"

"Gunia zako. Zile za gundi nilikuwa naweka kando. Zilikuwa nyingi, zote na ile kijani imetoka nje. Nikaenda kwa sanduku nikaangalia yetu." Akapuliza vumbi. "Hiyo betri ilikuwa imejaa mchanga nusu."

"Na mbona hukusema? Mimi nilikuita mwizi mbele ya watu wote."

Akaiweka pasi chini.

"Mama yako alikuwa amekaa pale. Ningesema, angejua ni nani alimuuzia hiyo pumzi. Mgonjwa lazima awe na mtu mmoja wa kuamini, kijana. Wake alikuwa ni wewe."

Nililia. Sijui kusema kwa njia nyingine, na sioni haya. Yeye alitazama ukuta wa jirani mpaka nikamaliza.

Akaniuliza kama bado niko kwenye ile kazi. Nikamwambia niko. Stika za betri nimezikataa, lakini amepewa mwenzangu wa mashine ya pili, zinaendelea kutoka. Hakunisifu wala kunilaumu. Akauliza kuhusu sanduku, nikamwambia kwa fahari kidogo kwamba tumeondoa kufuli zote, yeyote aliye karibu anageuza swichi.

"Zote?" Aliudhika kweli. "Mmekuwa wajinga? Kangemi? Wataibeba yote siku moja."

"Sasa tufanye nini?"

"Wekeni moja. Moja tu. Na funguo ikae kwa Mama, kwa shingo yake. Yeye ndiye hawezi kwenda mbali."

Akanisindikiza mpaka getini, polepole, testa ikicheza mfukoni mwa shati. Nilinyoosha mkono. Nilikuwa nikingoja ule mguso wa haraka na mkono kurudi mfukoni. Mgongo wa vidole vyake ulikuja, ukagusa kiganja changu, ukakaa hapo kitambo. Kisha akaugeuza mkono, kiganja juu ya kiganja.